Utafiti wa Afya ya Uzazi kwa Vijana, Mila za Kijinsia na Huduma za Kujifungua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimefanya kazi ya ukunga kwa miaka mingi kabla ya kuingia kwenye utafiti. Tangu nishike dodoso badala ya glavu, naulizwa maswali yale yale na wazazi, wauguzi, viongozi wa dini na vijana wenyewe. Mengine huulizwa kwa hasira, mengine kwa kunong'ona baada ya watu kuondoka. Nimeyakusanya hapa, na majibu nimeyatoa kama ninavyoyatoa ana kwa ana.

Kwa nini mambo haya matatu mnayatafiti pamoja?

Kwa sababu yanakutana kwa mtu mmoja.

Msichana anavunja ungo akiwa na miaka 13. Anaambiwa, "Sasa umekua, kaa mbali na wavulana," basi, hakuna la ziada. Papo hapo anajifunza kwamba mwili wake ni jambo la aibu na kwamba maswali yake hayana pa kupelekwa. Akiwa na miaka 16 anahitaji kinga, lakini haendi kituo cha afya, maana anajua ataulizwa, "Wewe mtoto, unazitaka za nini?" Akiwa na miaka 18 yuko leba, njia inafunguka, analia. Anaambiwa, "Ulipokuwa unafanya mbona hukulia?"

Kauli hiyo ya mwisho nimeisikia kwa masikio yangu, tena kutoka kwa wakunga wenzangu niliowaheshimu kwa kazi yao. Sauti inayomsuta msichana leba ni ile ile iliyomnyamazisha nyumbani miaka mitano kabla.

Kwa muda mrefu watafiti waligawana mtu huyu vipande vipande. Waliohusika na vijana walihesabu kondomu na mimba. Waliohusika na uzazi salama walihesabu damu iliyopotea na vifo. Waliohusika na jinsia walihesabu waliomaliza shule. Kila mmoja alipata kipande chake, na hakuna aliyeona kwamba binti aliyekosa kujua mzunguko wake wa hedhi ndiye anayechelewa kuanza kliniki ya wajawazito, na ndiye anayeogopa kumwambia mkunga kwamba kichwa kinaumwa na macho yanaona ukungu, dalili ambazo zingemwonya mapema kuhusu kifafa cha mimba.

Mnaposema "kijana" mnamaanisha nani?

Kwa Shirika la Afya Duniani, walio katika rika la balehe ni wa miaka 10 hadi 19. Umoja wa Mataifa unahesabu vijana kuwa ni wa miaka 15 hadi 24. Ukiwaunganisha wote unapata 10 hadi 24.

Hesabu hizi zina uzito wake. Tafiti nyingi kubwa za kitaifa za idadi ya watu na afya huhoji wanawake kuanzia miaka 15. Kwa hiyo kwa miongo mingi watoto wa miaka 10 hadi 14 hawakuonekana kwenye takwimu, na huo ndio umri ambao mwili unabadilika na mila zinaingia kichwani.

Kumuuliza mtoto kuhusu ngono si ndiyo kumfungua macho?

Hofu hii naielewa, maana hata mimi ni mzazi. Ila imechunguzwa mara nyingi. Mwongozo wa kimataifa wa elimu ya jinsia uliotolewa na UNESCO na kuboreshwa mwaka 2018 ulipitia ushahidi uliokuwepo, na ukaonyesha kwamba elimu hii haiongezi ngono kwa vijana wala haiwafanyi waanze mapema. Kama kufundishwa darasani muhula mzima hakuleti hayo, sembuse mahojiano ya dakika 40.

Pamoja na hayo, hatuingii na swali la ngono mlangoni. Dodoso la kijana hupangwa kama ngazi. Tunaanza na shule, marafiki, ndoto zake, mabadiliko ya mwili. Kisha tunauliza kama amewahi kuwa na mpenzi. Akisema hapana, maswali mengi yanayofuata yanarukwa na hayasikii kabisa. Mtoto wa miaka 11 haulizwi anachoulizwa wa miaka 19. Dodoso linalouliza kila mtu kila kitu ni dodoso bovu, na kamati ya maadili, ile inayopitia utafiti kabla haujaanza, inatakiwa kulirudisha.

Mtajuaje kama kijana anasema kweli?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Hatujui kwa hakika. Tunajua wanapodanganya zaidi, na tunajua kwa nini. Kwa kawaida wavulana huongeza na wasichana hupunguza. Mvulana anaona idadi ya wapenzi ni medali. Msichana anaona hata mmoja ni doa. Kwa hiyo hata uongo wenyewe ni takwimu: unakuonyesha mila inavyombana kila mmoja.

Siku moja nilimhoji msichana uani kwao. Mdogo wake wa kiume, labda miaka saba, alisimama mlangoni akinyonya kidole. Yule msichana alijibu "hapana" kila swali, haraka haraka, huku akivuta uzi uliochomoka kwenye pindo la gauni lake. Nikafunga daftari, nikamwita yule mtoto tukaongea kuhusu mpira wake, mpaka akachoka na mimi akaenda kucheza. Nilipofungua daftari tena msichana alikuwa ameukata ule uzi na kuuviringisha kidoleni. Akasema taratibu, "Dada, naomba turudi swali la 8." Tulirudi. Majibu sita yalibadilika.

Tangu siku hiyo nikipokea takwimu za mtu huuliza kwanza: mlihojia wapi, na nani alikuwa karibu?

Zipo njia za kupunguza aibu ya kumtazama mtu usoni. Kijana anaweza kuvaa vipokea sauti, akasikia maswali yakisomwa na kompyuta, na kubonyeza jibu mwenyewe bila yeyote kuona. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kulinganisha njia hiyo na dodoso la karatasi kwa wavulana wa miaka 15 hadi 19. Kwa baadhi ya mambo yanayoonewa aibu sana, waliokiri kupitia kompyuta walikuwa zaidi ya mara tatu ya waliokiri kwenye karatasi. Vijana walikuwa wa aina moja na maswali yale yale, ila chombo cha kuuliza kilibadilika.

Njia nyingine ni vipimo. Kipimo cha mkojo cha klamidia, ugonjwa wa zinaa, hakina aibu. Wapo vijana waliosema hawajawahi kufanya ngono na kipimo kikaonyesha maambukizi. Hapo mtafiti awe mwangalifu sana, asikimbilie kusema "wamedanganya". Huenda huyo kijana alilazimishwa, na kwake yeye lile halikuwa "kufanya ngono".

Mtoto wangu anaweza kuhojiwa bila mimi kukubali?

Kwa kawaida hapana. Chini ya miaka 18 tunahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na baada ya hapo tunahitaji mtoto mwenyewe akubali. Mzazi akisema ndiyo na mtoto akatikisa kichwa, mahojiano hayapo. Baba mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, mimi nimeshasema ahojiwe, atajibu tu." Nilimshukuru nikaaga.

Yapo mazingira ambayo kamati ya maadili inaweza kuruhusu kijana akubali peke yake. Msichana wa miaka 17 aliyeolewa au aliye na mtoto ni mfano mmoja, kama sheria za mahali husika zinamtambua hivyo. Mfano mwingine ni pale ambapo kuomba ruhusa ya mzazi kutamweka kijana hatarini, mathalani utafiti unahusu ukatili wa nyumbani. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mahususi kuhusu maadili ya tafiti za afya ya uzazi kwa walio katika rika la balehe, kwa sababu kamati nyingi zilikuwa zikikwama hapa: zikidai ridhaa ya mzazi kila mara, wanaobaki nje ya utafiti ni wale wale walio katika shida kubwa zaidi.

Kijana akieleza kwamba amebakwa au ananyanyaswa, mnafanya nini na usiri mliomwahidi?

Usiri wenye mipaka unatakiwa kuelezwa mwanzo, kabla ya swali la kwanza, kwa maneno mepesi: "Utakayosema ni siri. Ila ukiniambia kuna mtu anakuumiza na uko hatarini, nitahitaji kutafuta mtu wa kukusaidia, na nitakwambia kabla ya kufanya hivyo." Kumfungulia mtoto mlango wa usiri kamili kisha kumgeuka ni ukatili mwingine.

Timu isiyo na mahali pa kumpeleka aliyeumizwa isiulize maswali ya ukatili. Nimeshawahi kukataa kazi kwa sababu hii na nitakataa tena. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa lazima zianze ndani ya saa 72, kwa hiyo karatasi ya orodha ya huduma iliyochapwa miaka mitatu iliyopita, yenye namba zisizopatikana, haina faida kwa mtu.

Mila ya kijinsia unaipimaje? Si kitu cha kuweka kwenye mizani.

Ni kweli, ila tunaweza kukaribia. Tenganisha vitu viwili. Kimoja ni mtazamo: mimi ninaona nini ni sawa. Cha pili ni mila yenyewe: ninaamini wenzangu wanafanya nini, na wataniona vipi nisipofanya. Mvulana anaweza kuona moyoni kwamba kupika si aibu, lakini hatapika kwa sababu anajua atachekwa. Ukimuuliza mtazamo wake tu, utaandika kwamba mila imekufa, kumbe ipo hai.

Kipimo kinachojulikana sana ni kile kilichotengenezwa Brazil na kuchapishwa mwaka 2008, chenye kauli 24 ambazo mtu anakubali au anakataa. Zinahusu nani aamue mambo ya ngono, nani awajibike na uzazi wa mpango, na kama kumpiga mwanamke kunaweza kuhalalishwa. Kimetumika nchi nyingi. Tatizo lake ni kwamba watu hujifunza jibu "zuri" haraka sana, hasa baada ya semina mbili tatu.

Mimi nafuata zaidi njia ya visa vifupi. Tunamsimulia kijana: kuna msichana na mvulana wanapendana, msichana ndiye amebeba kondomu kwenye mkoba. Kisha tunauliza, "Mvulana atamfikiriaje?" Nusu ya washiriki tunawageuzia kisa, mvulana ndiye amebeba. Ukilinganisha majibu ya makundi mawili, mila inajitokeza bila mtu kuulizwa "je, wewe unabagua?" Nimewahi kusikia kundi zima la wavulana likisema msichana wa kwenye kisa "amezoea", na kwamba mvulana "anajali". Kondomu ni ile ile moja.

Wavulana wanaingiaje? Tatizo si la wasichana?

Utafiti mkubwa wa kimataifa kuhusu watoto wa miaka 10 hadi 14, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na Shirika la Afya Duniani, ulichapisha matokeo yake ya awali mwaka 2017 kutoka nchi 15 tofauti kabisa kwa utajiri na utamaduni. Watoto na wazazi wao walisimulia jambo linalofanana kwa namna ya kusikitisha: balehe ikifika, dunia ya msichana inafinyika na ya mvulana inapanuka. Msichana anaambiwa abaki ndani, ajifunike, aache marafiki wa kiume. Mvulana anaachiwa barabara.

Barabara hiyo haimwachi salama. Anafundishwa asilie, asiogope, asiulize. Mvulana mwenye usaha kwenye uume atakaa nao wiki tatu akitafuta dawa ya kununua kichochoroni, kwa sababu kwenda kituo ni kukiri udhaifu. Ninapohoji wavulana peke yao, bila mwenzao wa kumcheka, swali wanalolirudia ni hili: "Nitajuaje kama niko kawaida?" Wanatamani mtu mzima wa kuwajibu, na hawana.

Halafu kuna hili: mvulana huyo ndiye baba atakayesimama nje ya chumba cha kujifungulia akiwa hajui hata siku moja dalili za hatari ni zipi.

Kuna kilichoonekana kubadilisha mila, au mnapima tu?

Kipo. Programu ya mafunzo shirikishi iitwayo Stepping Stones, iliyoanzia Uganda, ilifanyiwa jaribio kubwa katika vijiji 70 vya Afrika Kusini na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Vijana wa kiume na wa kike walikaa katika makundi wakazungumza kuhusu miili, mapenzi, hasira na uamuzi. Maambukizi mapya ya VVU hayakupungua kwa kiasi cha kuthibitika, na watafiti walisema hivyo wazi, jambo ninaloliheshimu. Lakini maambukizi mapya ya virusi vya malengelenge ya sehemu za siri yalipungua kwa takriban asilimia 33, na miaka miwili baadaye wanaume walieleza kuwafanyia wapenzi wao ukatili mara chache zaidi.

Kampala nako kulikuwa na jaribio la SASA!, jina lililochukuliwa kwenye Kiswahili hiki hiki chetu. Wanajamii wenyewe, si wageni wenye fulana, walianzisha mazungumzo kuhusu madaraka ndani ya nyumba. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba kuuona ukatili kuwa jambo la kukubalika kulipungua.

Mabango na kauli mbiu peke yake sijaona yakifanya hivyo. Kinachoonekana kufanya kazi ni muda mrefu, makundi madogo, na kuwashirikisha wote wawili.

"Ukatili wakati wa kujifungua" ni nini? Mkunga akifoka kidogo ndiyo ukatili?

Mwaka 2010 ripoti moja ilipanga aina saba: kupigwa, kuhudumiwa bila ridhaa, kukosa usiri, kutweza utu, kubaguliwa, kutelekezwa, na kuzuiliwa kituoni kwa sababu ya deni. Mwaka 2015 mapitio ya tafiti 65 kutoka nchi 34 yakaipanua orodha na kuongeza jambo muhimu: mengine hayatoki kwa mtu mmoja, yanatoka kwenye mfumo. Kitanda kimoja kwa wanawake wawili waliokuja kujifungua ni kuvunja utu, hata kama mkunga ni malaika.

Kuhusu kufoka: ipo sauti ya juu ya dharura, "Mama, sukuma sasa!", na ipo sauti ya kumdhalilisha mtu. Mwanamke aliye kwenye uchungu anazitofautisha vizuri kabisa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo tunamuuliza aliyelala.

Linatokea kwa kiasi gani?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulifanyika Ghana, Guinea, Myanmar na Nigeria. Waangalizi walikaa ndani ya vyumba vya kujifungulia na kufuatilia wanawake 2,016. Kati yao 838, karibu asilimia 42, walipigwa, walitukanwa au walibaguliwa. Katika uchunguzi wa wanawake 2,672 waliohojiwa baada ya kujifungua, zaidi ya theluthi moja walieleza hayo hayo. Kati ya wanawake 253 walioongezewa njia, yaani waliokatwa ukeni ili mtoto apite, 190 hawakuombwa ridhaa.

Matokeo mawili ya utafiti huo huwa nayasoma kwa sauti kila ninapofundisha. Kwanza, ukatili ulikuwa mkali zaidi kuanzia dakika 30 kabla ya mtoto kutoka hadi dakika 15 baada ya kutoka, yaani pale pale mwanamke anapokuwa hana nguvu ya kujitetea hata kwa neno. Pili, waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wadogo kwa umri na wenye elimu ndogo. Binti wa miaka 15 hadi 19. Ndiye yule tuliyeanza naye.

Mbona wanawake wengi wakiulizwa husema walihudumiwa vizuri?

Wanaulizwa wapi? Mtoto yuko mikononi, mkunga yuko hatua tano, na kesho kutwa kuna chanjo pale pale.

Mkoani Tanga, katika wilaya za Korogwe na Muheza, mradi wa utafiti ulioitwa Staha uliwahoji wanawake walipokuwa wakitoka kituoni. Asilimia 19 walisema walitendewa isivyo. Sehemu ya wanawake hao walipofuatwa nyumbani wiki 5 hadi 10 baadaye, ikawa asilimia 28.

Kuna sababu nyingine iliyo nzito kuliko woga: mazoea. Mwanamke ambaye mama yake alipigwa, dada yake alipigwa, na yeye mwenyewe aliambiwa kwamba bila kofi mtoto hatoki, ataliita kofi hilo msaada. Nilimuuliza mzazi mmoja, "Kuna lolote lililokuumiza?" Akasema hapana. Nikauliza tena kwa vitendo, moja baada ya jingine: kuna aliyekupiga? "Kunichapa mapajani tu, ili nifungue miguu." Kwa hiyo tumeacha kuuliza kama mtu "alinyanyaswa". Tunauliza nini kilitokea.

Hizi tafiti si za kuwachafua wakunga?

Nikiwa leba niliwahi kubaki peke yangu usiku na wazazi tisa, mmoja akitokwa na damu. Nilimfokea binti mmoja aliyekuwa akiniita mfululizo. Sikumpiga, lakini nilimwambia maneno ambayo bado nayakumbuka, na sidhani kama yeye ameyasahau. Alikuwa akiniita kwa sababu aliogopa, na hakuna aliyekuwa amemweleza uchungu huwa unakwendaje.

Naeleza hili ili mwenzangu ajue siandiki kutoka mbali. Uchovu na upungufu wa watu vinaeleza mengi. Havielezi kwa nini wengi wetu tukichoka tunamfokea binti asiye na ndoa na si mke wa ofisa. Hapo mila ndiyo inayomchagua wa kufokewa.

Na yanarekebishika. Mradi ule ule wa Staha ulikaa na jamii na watumishi wakaandika pamoja mkataba wa huduma, kisha wakarekebisha mambo ya kituo wao wenyewe. Uwezekano wa mwanamke kutendewa vibaya ulishuka kwa asilimia 66 ukilinganisha na sehemu isiyokuwa na mpango huo.

Ndugu kuingia leba kunasaidia, au ni kujaza watu?

Kunasaidia. Mapitio ya mwaka 2017 ya majaribio 26, yenye wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17, yalionyesha kwamba mwenye mtu wa kukaa naye muda wote ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, uchungu wake huwa mfupi kidogo, na upasuaji hupungua. Kipingamizi cha kweli ni faragha ya wazazi wengine, na dawa yake ni pazia. Anayechagua msindikizaji awe mzazi mwenyewe. Kuna wasichana ambao mtu wa mwisho wanayetaka kumwona pale ni mama mkwe.

Ni yapi tuliyoyazoea leba ambayo ushahidi umeyakataa?

Kunyoa nywele, kusafisha tumbo kwa maji, kuongeza njia kwa kila mzazi wa kwanza, na kukandamiza tumbo ili mtoto atoke. Mapendekezo 56 ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 yameyaweka pembeni. Pia yalisema njia isilazimishwe kufunguka sentimita moja kila saa, na kwamba uchungu kamili uhesabiwe kuanzia sentimita 5. Kwa mzazi wa mara ya kwanza, hasa mdogo, hii ina maana ya kupewa muda badala ya kuitwa mvivu.

Mimba katika umri mdogo ina hatari gani hasa?

Kwa wasichana wa miaka 10 hadi 19, kifafa cha mimba, maambukizi ya mji wa mimba baada ya kujifungua na maambukizi ya mwili mzima hutokea zaidi kuliko kwa wanawake wa miaka 20 hadi 24. Mwaka 2019, katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wasichana wa miaka 15 hadi 19 walipata mimba takriban milioni 21, na karibu nusu hazikutarajiwa.

Nikishiriki nitalipwa?

Nauli na fidia ya muda, ndiyo. Kiasi cha kumfanya mtu akubali asichokitaka, hapana.

Jina langu litaonekana?

Halitakiwi kuonekana. Unapewa namba, na karatasi inayounganisha namba na jina hutunzwa mbali na majibu, kisha huteketezwa. Katika jamii ndogo hata bila jina mtu anaweza kutambulika ("mjamzito pekee wa miaka 14"), kwa hiyo mtafiti makini hubadili au huacha maelezo kama hayo hata kama yanapendezesha ripoti.

Matokeo huwa yanarudi kwa waliohojiwa?

Mara chache mno, na hili linaniumiza. Watu wanatoa siri zao, kisha zinasomwa na wageni kwenye mikutano ya mbali.

Mara moja niliyopata bahati ya kurudisha, wakunga walikaa mstari wa mbele wamekunja mikono. Sikuwasomea "mnapiga". Niliwasomea saa: hapa alikuwa peke yake, hapa aliita mara tatu, hapa alikatwa bila kuambiwa. Nyuma walikaa wasichana wanne na watoto wao. Muuguzi mkuu aliomba ile karatasi, akaipitia kwa kidole mstari kwa mstari, akauliza, "Huyu wa saa 9 usiku alikuwa zamu ya nani?" Kabla sijajibu kwamba hilo siwezi kulisema, mkunga mmoja mtu mzima akasema, "Yangu." Ukumbi ukanyamaza. Kisha msichana mmoja nyuma akanyoosha mkono na kuuliza kama wanaweza kuwekewa mapazia. Wiki iliyofuata yaliwekwa.

Kwa hiyo mtu akija kwako na dodoso, kabla ya kuweka sahihi muulize: matokeo mtatuletea lini, na nani atayasoma mbele yetu? Asipokuwa na jibu, una haki ya kumwambia arudi akiwa nalo.